Sindano Ilipofika Kumi na Tano

Huko Bokoli, ukitaka kummaliza mtu bila panga wala sumu, mhesabu. Simama mbele yake, mnyooshee kidole, mtaje kwa namba, kisha nenda zako nyumbani ukalale. Kifo kitamalizia kazi iliyobaki. Ndiyo maana mama mwenye watoto akiulizwa anao wangapi hujibu, "Wapo," na mwenye ng'ombe akiulizwa hutazama mawinguni kana kwamba amesikia ndege inapita. Karani wa sensa aliyekuja mwaka wa arobaini na nane alirudi mjini na karatasi zilizojaa uongo mtupu, na wanakijiji wakapumua.

Absalom Wepukhulu alizaliwa katikati ya watu hao, na kwa bahati mbaya Mungu akampa kichwa cha hesabu.

Alizaliwa karibu na mwaka wa ile homa kubwa iliyofuata vita vya kwanza vya wazungu. Angali mdogo baba yake akamchukua hadi Kitale, kwenye shamba la mzungu, ambako mtu alipewa kipande cha ardhi cha kulima na kazi ya kuvunja mgongo. Vita vya pili vilipokuja, Absalom akaenda kuvunja mgongo mbali zaidi: Uhabeshi kwanza, halafu Burma, akibeba magurudumu ya waya wa simu msituni kwa ajili ya mfalme ambaye hawakuwahi kujuana. Huko ndiko alikokutana na sajini mmoja mwenye meno ya dhahabu, aliyewafundisha askari umeme kwa mfano wa josho la ng'ombe.

"Volti," sajini alisema, "ni msukumo wa wachungaji nyuma ya ng'ombe. Ampea ni ng'ombe wanaopita langoni. Omu ni ubana wa lango, ule ukinzani wake. Gawanya msukumo kwa wanaopita, utajua lango limebana kiasi gani. Halafu zidisha msukumo kwa wanaopita: hizo ni wati. Ndilo vumbi na joto unaloliona pale langoni. Umeelewa, au nikurudishe kubeba maji?"

Absalom alielewa kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepata kundi la ng'ombe ambalo angeweza kulihesabu bila mtu yeyote kufa.

Alirudi nyumbani mwaka wa arobaini na sita na mguu unaochechemea mvua ikikaribia, koti la jeshi, na kipimo cha volti na ampea ambacho alikuwa amesahau kukirudisha stoo. Alikisahau kwa uangalifu mkubwa, kikiwa kimefungwa ndani ya soksi mbili. Kwa kipimo hicho akapata kazi kwa mzungu mmoja nje ya Kitale, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Makelele. Huyo alikuwa na dainamo ya volti mia moja, iliyozungushwa na maji ya kijito. Absalom akaitunza dainamo hiyo miaka saba. Jioni baada ya kazi alipima kila kilichopimika. Balbu ya jikoni: volti mia, ampea nusu, kwa hiyo omu mia mbili, wati hamsini. Pasi ya memsahibu: volti mia, ampea tano; kwa hiyo omu ishirini, wati mia tano. Aliyakumbuka haya yote jinsi wenzake walivyokumbuka majina ya binamu zao.

Mwaka wa hamsini na tatu Bwana Makelele aliamka akaamua kwamba nchi hii haimfai tena, akauza vitu vyake kwa mnada uani. Watu wakaja kutoka kila upande kununua maisha ya mzungu vipande vipande. Kamati ya kanisa la Bokoli ilinunua dainamo, waya na sanduku zima la balbu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Bramwel Khaemba, akanunua pia ile pasi ya memsahibu, kwa ajili yake mwenyewe.

"Ya nini, Mzee?" Absalom alimuuliza. "Ile nyumba yako haina stima."

"Ni nzito," alijibu Mzee Bramwel. "Nitazuilia mlango."

Na hivyo Absalom akarudi Bokoli na dainamo yake, na mke wake Nasimiyu, na watoto ambao idadi yao haisemwi.

Dainamo ikafungwa kwenye kinu cha maji kule mtoni, chini ya uangalizi wa Kipkoech, mlinzi wa kinu, aliyekuwa na kazi moja tu: kufungua lango la maji na kulifunga. Kutoka hapo waya ulipanda mlima mdogo hadi kanisani, mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye miguu mizima. Kanisa lenyewe lilikuwa jengo refu la udongo lenye mlango mmoja, lililoezekwa kwa nyasi zilizokuwa zimeongezwa juu ya nyingine tangu enzi za wamishenari wa kwanza. Juu zilikuwa nyeusi kwa mvua. Ndani zilikuwa kavu kama tumbaku.

Kamati iliamua kwamba kila familia itatoa taa moja kwa kumbukumbu ya marehemu wake. Jina la marehemu likaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kofia ya bati ya taa. Babu Mukhwana akaning'inia juu ya viti vya wanaume. Kukhu Nabalayo, bibi kizee aliyekuwa akisinzia kanisani maisha yake yote, akaning'inia karibu na mimbari. Likawa jambo zuri hadi watu wazima wakatokwa machozi, na papo hapo likawa jambo la hatari, kwa sababu sasa taa zile zilikuwa watu.

"Wewe fundi," Mzee Bramwel alimwonya, "usije ukasimama hapo katikati ati taa moja, taa mbili. Wafu wakihesabiwa, wanakuja kuhesabu nao."

"Sitahesabu taa, Mzee. Nitasoma sindano."

Akawaonyesha. Ukutani kando ya madhabahu alikuwa ametundika kisanduku cha mvule chenye kufuli, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa mwenyekiti. Ndani mlikuwa na swichi kuu na fyuzi, na mlangoni mwake dirisha la kioo dogo kama kiganja cha mtoto, ambamo sindano ya ampea ilionekana. Taa zote zikiwaka, sindano ilisimama kwenye kumi. Kila taa ilikunywa nusu ampea. Mwenye akili angeweza kugawanya mwenyewe, kimoyomoyo, bila kumnyooshea marehemu yeyote kidole. Kamati ikafurahi sana. Ilikuwa imepata njia ya kujua kitu bila kukisema, na hiyo ndiyo furaha ya kamati zote duniani.

Fyuzi yenyewe ilikuwa uzi mwembamba wa kukatika mkondo ukipita ampea kumi na mbili. "Huyu ndiye mlinzi," Absalom alisema. "Kukiwa na ubaya, anakufa yeye kwanza, taa zinazimika, sisi tunabaki."

Tangu Pasaka, taa zilipoanza kujaribiwa, watu wa Bokoli waliona jambo jingine ambalo hawakulihusisha na umeme. Suruali za Mzee Bramwel zilianza kuwa na mikunjo inayoweza kukata mkate. Aliingia kanisani kila Jumapili amenyooka kama barua mpya. Wengine walisema ni neema.

Sherehe ya kuweka wakfu taa ilipangwa Jumapili moja ya Agosti mwaka wa hamsini na nne, na mgeni mkuu wa kanisa angekuja na joho lake. Jumamosi alasiri Absalom alikwenda kukagua. Akafungua kufuli, akawasha, akachungulia.

Sindano ilipanda hadi kumi, ikasita kama mtu aliyesahau kitu, kisha ikaendelea. Kumi na moja. Kumi na tatu. Ikasimama kwenye kumi na tano.

Na taa hazikuzimika.

Hilo la pili ndilo lililomshtua. Ampea kumi na tano, na fyuzi ya kumi na mbili ingali hai? Akazima, akaichomoa. Mahali pa ule uzi mwembamba palikuwa na msumari wa inchi tatu.

Alikaa chini kwenye kiti cha waimbaji akafanya hesabu kwa kidole pajani. Kumi na tano toa kumi: ampea tano zinakwenda mahali. Mia mara tano: wati mia tano. Mia gawanya kwa tano: omu ishirini. Bokoli nzima, kutoka mtoni hadi sokoni, ni kitu gani chenye omu ishirini?

Akatazama dirishani. Ng'ambo ya ua, hatua kama thelathini, ilikuwa nyumba ya Mzee Bramwel. Mlango wake ulikuwa umezuiliwa na jiwe.

Aliwasha tena, akaegemeza ngazi, akapanda na kipimo chake. Waya wa wizi haukuwa mgumu kuupata. Ulikuwa umechomekwa ndani ya nyasi juu ya viti vya waimbaji, ukatambaa hadi chini ya paa, ukaruka ua. Pale ulipoungwa na waya mkuu palikuwa pamesokotwa kwa vidole tu, pakazungushiwa ufumwale wa mgomba kama unavyofunga mzigo wa majani ya chai. Ufumwale ulikuwa umegeuka kahawia. Nyasi zilizouzunguka zilikuwa nyeusi, na zilinukia kama chapati iliyosahauliwa.

Akagusisha ncha za kipimo upande huu wa kiungo na upande ule. Volti nane. Volti nane zinapotea kwenye kitu kidogo kama kidole gumba! Nane gawanya kwa tano: omu moja na nukta sita, pahali ambapo kiungo kizuri hakina omu hata ya kusemwa. Nane mara tano: wati arobaini. Karibu taa nzima, isiyo na kioo wala kofia wala jina la marehemu, imezikwa ndani ya nyasi kavu, juu kabisa ya kichwa cha mtu ambaye angesimama pale kesho kuongoza kwaya. Mtu huyo alikuwa Nasimiyu.

Akazima umeme, akaukata waya ule kwa koleo. Akang'oa msumari, akarudisha uzi mwembamba. Kisha akaenda kwenye kikao cha kamati kilichokuwa kikiendelea uani, akaweka msumari na kipande cha waya mezani. Walikuwepo Mzee Bramwel, Mzee Wanjala ambaye alisikia kwa sikio moja tu, na Mama Rispah, mtunza vitambaa vya madhabahu.

"Mzee," Absalom alisema, "fyuzi yangu ilienda wapi?"

"Ile kamba yako? Ilikuwa inakatika-katika tu. Nikaweka msumari. Msumari haukatiki."

"Ndiyo shida yake. Sindano imefika kumi na tano. Kuna mtu anavuta ampea tano pembeni."

"Tano ni kitu gani bana," alisema Mzee Bramwel. "Hata vidole vya mkono ni tano."

Na hapo ndipo Absalom, aliyepona Burma, alipofanya kosa la maisha yake. Alitaka kueleza vizuri. Akatafuta mfano ambao kila mtu angeuelewa.

"Ni nyingi, Mzee. Ni kama kuna taa zingine kumi humo ndani, hazionekani."

Mama Rispah akaweka kikombe chini polepole.

"Ati nini?" akauliza Mzee Wanjala.

"Anasema," Mama Rispah alimpigia kelele kwenye sikio zima, "kuna wengine kumi! Hawajaonekana bado!"

"Wafu kumi?"

"Hawajafa bado! Ndio wanakuja!"

"Si wafu!" Absalom alisema. "Ni pasi! Ni ile pasi ya memsahibu, omu ishirini, naijua kama mama yangu! Tazameni suruali ya mwenyekiti!"

Lakini nani angetazama suruali wakati watu kumi wa Bokoli wameshatajwa? Mzee Bramwel aliona upepo unamsaidia, akasimama wima na mikunjo yake yote.

"Absalom. Umehesabu watu kabla hawajafa. Mkesha wa sherehe. Lete ufunguo."

"Mzee, waya ule ukirudishwa kwenye nyasi..."

"Lete ufunguo. Kesho utakaa kwenye benchi kama Wakristo wengine."

Akautoa.

Nyumbani alimkuta Nasimiyu akitwanga huku akiimba sehemu yake ya kesho.

"Usiimbe kesho," alimwambia.

"Mimi ndiye naongoza. Niwaambie waimbaji nini, ati mume wangu amegawanya?"

"Nimegawanya, na nimezidisha. Kuna moto juu ya kichwa chako."

Nasimiyu akaacha kutwanga. Habari za kikao zilikuwa zimefika kabla yake. Bokoli habari hazihitaji waya. "Absalom," akasema, "wanasema umetaja kumi. Mimi siogopi stima yako. Mimi naogopa kinywa chako. Kesho kifunge."

Jumapili saa nane kanisa lilijaa hadi watoto wakakalia madirisha. Joto lilikuwa la kunyonga. Juu ya Mlima Elgon mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi kwa chini, yakisogea bila haraka. Mgeni mkuu alichelewa. Alipofika saa kumi kasorobo mvua ilikuwa imemtangulia. Akaingia akichuruzika, joho lake zambarau limemng'ang'ania kama ngozi ya ndizi mbivu. Giza likawa nene hadi nyuso za watu hazikuonekana. Mzee Bramwel akainuka kwa fahari, akafungua kisanduku na ufunguo aliomnyang'anya mwenzake, akawasha, akafunga.

Marehemu wote wakawaka kwa mara moja. Watu wakalia "Aaah!" Absalom, aliyekuwa amechagua benchi la kwanza karibu na kioo, hakutazama juu. Sindano ilikuwa kwenye kumi. Akashusha pumzi.

Kisha akamwona Mzee Bramwel akimnong'oneza mkewe, Peris. Akamwona Peris akimvua mgeni joho lake kwa heshima, akajifunika kichwa kwa jani la mgomba, akakimbia mvuani kuvuka ua.

Absalom akaanza kungoja. Anavuka ua. Amefungua mlango. Anatandika blanketi mezani.

Sindano ikaruka. Kumi na tano.

Akatazama taa, akiomba kwa nguvu zake zote zizimike. Mlinzi wake, ule uzi mwembamba, afe sasa, afe haraka, giza liingie watu wacheke waende nyumbani. Taa hazikuzimika. Kukhu Nabalayo aliendelea kung'aa pale mimbarini. Msumari ulikuwa umerudi. Basi na waya ulikuwa umerudi, umesokotwa asubuhi hii kwa haraka na mikono ya mtu mwenye hasira, na kama mkono ule ulipokuwa na nafasi ulitengeneza wati arobaini, ulipokuwa na haraka umetengeneza ngapi? Na joho lililolowa maji, si shati. Pasi ingekaa juu yake nusu saa nzima.

Alisogea hadi kwa mwenyekiti. "Mzee, zima. Nakuomba. Zima kidogo tu."

"Kaa chini, Absalom."

"Tuma mtu kwa Kipkoech afunge maji."

"Na mvua hii? Kaa chini, unaaibisha kanisa."

Kwaya ikasimama. Nasimiyu akachukua nafasi yake, mgongo wima, kitambaa cheupe kichwani, chini ya kiungo. Wakaimba. Mgeni, akiwa ndani ya koti la kuazima lililomfika viwikoni, akaanza kuhubiri juu ya ndimi za moto zilizowashukia mitume. Mvua ilikuwa inapiga nje kama mawe. Ndani ya kelele hizo Absalom alisikia harufu. Chapati iliyosahauliwa. Akainua macho, akaona uzi wa moshi ukining'inia kutoka kwenye nyasi, mwembamba, mvivu, kama hauna haja na mtu.

"Moto!" alipiga kelele.

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

"Moto juu! Moto!"

"Amina! Ushuke!" alisema Mzee Wanjala, ambaye siku hiyo alisikia vizuri.

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Huyu naye, moto wa wapi na mvua hii?" Mgeni akatabasamu, akadhani mahubiri yamekolea. Nasimiyu alimtazama mumewe kwa macho yanayosema: kifunge.

Uzi wa moshi ukawa kamba. Mlango ulikuwa mmoja. Kanisa lilikuwa limejaa watu wasioogopa moto, kwa sababu mvua inanyesha, na wasioogopa fundi, kwa sababu ni mtoto wa kwao. Absalom akajiuliza wanaogopa nini. Akajua.

Akapanda juu ya benchi. Akanyoosha kidole, mkono mzima, kwa mwenyekiti wa kamati.

"Moja!"

Mgeni aliendelea kuhubiri neno moja au mawili, kisha akagundua anahubiria kimya.

"Mbili!" Mzee Wanjala.

"Anahesabu!" mwanamke mmoja akalia. "Anahesabu watu!"

"Tatu!" Bilha, mwimbaji wa sauti ya pili. "Nne!" Kijana mmoja aliyekaa na mkewe. "Tano!"

Kanisa likapasuka. Watu waliomcheka kwa moto walirukiana kwa hofu ya namba. Wanawake walifunika watoto vichwa kwa kanga ili kidole kisiwaone, wakawatoa dirishani kama magunia. Wanaume walikwenda mlangoni wameinamisha nyuso. "Sita!" Mama Rispah, akikumbatia vitambaa vyake. "Saba! Nane!" Mgeni mkuu alitoka kwa dirisha na koti la watu, bila kuuliza tafsiri. "Tisa!"

Moshi sasa ulikuwa unashuka. Kanisa lilikuwa linakwisha watu, lakini mtu mmoja hakukimbia. Nasimiyu alikuwa anakuja kwake, anapita katikati ya mabenchi yaliyopinduka, mikono mbele, uso umejaa huruma, kama unavyomwendea mgonjwa aliyepandwa na homa.

"Nyamaza, baba," alisema. "Nyamaza, shuka, twende."

Juu yake nyasi ziligeuka nyekundu kwa ndani. Alikuwa hatua kama nne. Angefika, angemshika mkono, wangebishana, na paa lingewakuta wakibishana. Absalom alimnyooshea mke wake kidole.

"Kumi," alisema.

Alisema polepole, si kwa kelele. Nasimiyu alisimama. Alimtazama kwa muda ambao Absalom angeupima maisha yake yote yaliyobaki bila kupata jibu. Kisha akageuka akakimbia, na yeye akaruka nyuma yake, na paa la kanisa la Bokoli likashuka na marehemu wake wote.

Hakuna aliyekufa. Hata kuungua, ni mtu mmoja tu aliyepoteza nusu ya ndevu. Joho la mgeni lilitoka nyumbani kwa Mzee Bramwel kavu, limenyooka, halina hata kunjo moja.

Na hakuna aliyeshukuru. Moto, walisema, ulikuja kwa sababu alihesabu. Waliokuwa karibu waliapa kwamba walisikia namba kwanza, ndipo wakaona moshi. Wale kumi aliowatabiri Jumamosi alikuwa amewachagua Jumapili, mmoja mmoja, kwa kidole, nani asiyeona? Wazee walitaka kondoo wa kutakasa. Absalom alimtoa. Kondoo akaliwa, na Mzee Bramwel akala sehemu ya mwenyekiti. Lakini watoto waliendelea kukimbia wakimwona, na mke wa mtu wa nne alitema mate kila alipopita. Kabla mwaka haujaisha alifunga mizigo, akarudi Kitale, akapata kazi kwenye karakana nyuma ya maghala ya mahindi, akitengeneza dainamo na redio za wengine.

Nasimiyu alikwenda naye. Alipika, alifua, alicheka na majirani. Lakini tangu siku ile alijiita kwa jina jipya. "Kumi anasema chakula kinapoa," alikuwa akimwambia kutoka mlangoni. Au wakigombana: "Unampigia kelele nani, Kumi?" Alisema kwa mzaha. Absalom hakujua kucheka nao.

Mwaka wa hamsini na sita lori la mahindi lilileta habari kwamba Mzee Bramwel amekufa. Alikuwa mzee, alikula nyama ya sherehe mbili kwa siku moja; kifo cha heshima. Absalom alisikitika kwa kiasi kinachostahili. Mwaka uliofuata, Mzee Wanjala. Naye alikuwa na umri. Lakini Absalom usiku huo alikosa usingizi. Mwaka wa hamsini na nane akaja dereva yuleyule, akavua kofia kabla ya kusema: Bilha, homa ya siku tatu. Mwimbaji, hata mvi hana.

Moja. Mbili. Tatu.

Kuanzia hapo Absalom akawa mtu wa kusikiliza malori. Alikuwa na mtu wa nne kule Bokoli, kijana mwenye afya, na alimwombea asubuhi na jioni kuliko alivyojiombea mwenyewe. Fundi aliyeweza kukuambia wati za kitu chochote alikuwa sasa amekaa na hesabu ambayo haina volti wala omu, ina foleni tu, na mwisho wa foleni amesimama mwanamke anayemletea chai.

Mwezi wa Mei mwaka wa hamsini na tisa, adhuhuri, lori lilisimama nje ya karakana. Dereva akavua kofia.

"Mama Rispah," alisema. "Tunazika Jumamosi."

Absalom alishika meza. Rispah. Vitambaa vya madhabahu. Rispah alikuwa...

Akaanza kucheka. Alicheka hadi koleo likamwanguka, akapiga meza ngumi, akamkumbatia dereva ambaye alikuwa analia. Nasimiyu alikuwa anaingia na sufuria ya githeri mikononi. Akasimama mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Rispah!"

"Na wewe unacheka?"

"Sita, Nasimiyu! Yeye ni wa sita! Si wa nne! Ameruka wawili!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Hakuna mpangilio! Haukuwepo! Ni watu tu, wanakufa tu!"

Dereva alivaa kofia yake, akarudi kwenye lori bila kuaga. Nasimiyu aliweka sufuria mezani, akasogeza nyaya kando ili apate nafasi, akafuta mikono kwenye leso.

"Kwa hiyo hawangojani," alisema.

"Hawangojani!"

"Hakuna zamu."

"Hakuna kabisa!"

"Basi hata mimi," alisema Nasimiyu, "sina haja ya kungoja wale wa katikati."

Akafunua sufuria, akampakulia. Absalom aliitazama sahani bila kuigusa. Karibu nayo, mezani, kipimo chake cha jeshi kilikuwa hakijaunganishwa na kitu chochote, na sindano yake, pale kwenye sifuri, ilikuwa inatetemeka lori lilipokuwa likiondoka.